Kiambaza cha Kaole na Udongo Ulaya

Fundi hakuuangalia ufa. Alikunja kidole cha shahada akaugonga ukuta mara tatu: chini karibu na msingi, usawa wa kiuno, kisha juu karibu na paa. Juu palitoa mlio mzito, wa kitu kilichoshiba. Chini palilia kama mtungi mtupu. Akagonga tena, safari hii sikio likiwa ukutani, halafu akanigeukia.

"Saruji hii mlipiga lini, mwanangu?"

"Mwaka wa saba huu, mzee."

"Basi huku ndani hamna ukuta. Kuna ganda."

Nyumba yenyewe ni ya bibi yangu. Ipo Kaole, mwendo mfupi kutoka kwenye magofu ya msikiti wa kale, kusini ya mji wa Bagamoyo. Ni nyumba ya miti na udongo, ile ambayo wengine huiita ya tope, na wenye kutaka kuikebehi huiita mbavu za mbwa. Bibi hatumii neno lolote kati ya hayo. Ukuta kwake ni wa mawe. Huu wake ni kiambaza, na hulitamka jina hilo kama mtu anayemtaja ndugu.

Sisi wajukuu tulipoanza kupata mishahara Dar es Salaam tulichanga fedha ili bibi naye akae nyumba ya kisasa. Tukashusha makuti, tukaezeka bati. Tukatandaza waya wa kuku juu ya udongo, tukaugongomelea kwenye fito, tukapiga lipu ya saruji nje na ndani, isipokuwa upande wa kaskazini uliopata ya ndani tu, tukamalizia kwa rangi ya maziwa. Tulipiga picha mbele ya mlango, bibi katikati. Niliionea fahari picha ile, na wala sioni sababu ya kulificha hilo. Bibi alitushukuru na kutuombea dua. Ila tangu mwaka ule, kila ulipoingia msimu wa kaskazi, usiku alikuwa akitandika mkeka wake barazani. Ndani hakulaliki.

Masika ya mwaka juzi, alfajiri moja, ukuta wa kusini uliinama ukalala chini pamoja na dirisha lake. Hakuumia mtu. Tulipofukua kifusi tuliikuta saruji yetu nzima, mapande makubwa kama milango, magumu kama siku yalipokauka. Kilichokufa ni kilichokuwa ndani yake. Fito zimekuwa unga. Nguzo mbili mchwa wamezila hadi kwenye kiini. Na udongo ulikuwa bado umelowa, mweusi, unanuka kama matope ya kisimani.

Makala haya yametokana na harufu ile. Maisha yangu yote nimeamini, kama wengi tunavyoamini, kwamba nyumba ya udongo huuawa na mvua. Hii ilikuwa imekwisha kuvuka masika zaidi ya hamsini kabla hatujaipelekea zawadi yetu.

Fundi alinieleza jambo lenyewe huku akimega bonge la kifusi. Udongo hunywa na kutema. Unyevu hupanda kutoka ardhini, mwingine huja na mvuke wa bahari usiku, na upepo wa mchana huuondoa. Saruji haina tabia hiyo. Udongo unapotanuka na kusinyaa chini yake, yenyewe hubaki imekakamaa, mwishowe hupasuka. Maji ya mvua huingia kwenye ufa usiozidi upana wa uzi, na yakishaingia hayaoni njia ya kutokea. Hushuka taratibu hadi kwenye mizizi ya nguzo na kukaa hapo. Mchwa anachotafuta ni kiza na unyevu, na sisi tulimtengenezea vyote viwili, tena kwa gharama.

Mzee huyu ni Mkwere, umri wake umepita sabini, na amejenga nyumba Kaole, Kiromo, Zinga na Kerege kabla barabara ya Bagamoyo haijajaa maduka ya vifaa vya ujenzi. Alikubali kuisimamisha upya kwa sharti moja: awepo mjukuu mmoja wa kukaa naye tangu kuchagua miti hadi kupaka chokaa. "Nikifa, nani atajua ilivyokuwa?" Nikaomba likizo, kisha nikaongeza siku bila malipo.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni majina. Nyumba niliyozaliwa nikiiona, sikuwa najua viungo vyake. Nguzo nilizijua. Lakini mti unaolala juu ya vichwa vya nguzo, ukizunguka nyumba nzima na kubeba uzito wa paa, unaitwa mtambaapanya, na ukikaa ndani usiku mmoja huhitaji kuambiwa kwa nini. Miti inayopanda kutoka mtambaapanya hadi kilele cha paa ni makombamoyo. Zinazolazwa juu ya makombamoyo ili kufungiwa makuti ni pau. Kipimo cha mti nacho kina lugha yake. Katika biashara ya miti ya mikoko, ile iliyopakiwa majahazini kwa karne nyingi kutoka Rufiji na Lamu kwenda Uarabuni, mti haukuuzwa kwa sentimita. Uliuzwa kwa jina: fito ndiyo nyembamba kuliko yote, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo. Mnunuzi wa Muskat na muuzaji wa Rufiji walielewana kwa majina hayo. Na nyumba za mawe tunazozistahi, za Lamu na Unguja, vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ndiyo inayobeba dari, nayo haivuki nafasi ya mita tatu hivi bila kulegea. Hata jumba la tajiri lilikatwa kwa kipimo cha mti wa kwenye tope.

Kazi ilianza kwa kubomoa. Upande wa kaskazini wa nyumba, ambako tulikuwa tumepiga saruji ndani peke yake, nguzo za mkoko alizozisimamisha babu zilikuwa nzima kabisa. Fundi aliikwangua moja kwa kisu, ikatoa unga mwekundu. Ile rangi ndiyo inayomkinaisha mdudu. Ni ileile iliyowafanya watu wa pwani watumie magome ya mikoko kutia rangi nyavu na ngozi. Tulizitoa nguzo 14, tukazilaza kivulini kama watu wazima waliochoka safari, maana zilikuwa na kazi nyingine mbele yake.

Zilizopungua hatukuweza kuzikata, na sikutaka zikatwe. Mikoko yote ya Tanzania Bara imo katika hifadhi za misitu za serikali, na kuivuna bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu ni kosa. Ukisimama Kaole maji yanapojaa unaona umuhimu wake bila kuhubiriwa: kamba wachanga wamejaa kwenye mizizi, na ufuo uliopo nyuma ya mikoko haujaliwa kama ule uliobaki uchi. Mikoko hiyohiyo na matope yake ndiyo iliyoiziba bandari ya zamani ya Kaole, na wenye mji wakahamia kaskazini, Bagamoyo ya leo. Bahari haiishi mahali pamoja.

Tulinunua mivinje ya kupandwa, na mikaratusi michache iliyotiwa dawa, ya aina ya nguzo za umeme, kwa ajili ya pembe nne za nyumba. Fundi aliupokea mkaratusi kwa shaka. Alisema ni mti unaokua upesi na kujikunja upesi. Mivinje aliipenda. Imenyooka, haina mafundo mengi, na mtu mwenye robo eka ya mchanga wa pwani anaweza kuipanda akaivuna ndani ya miaka michache. Naamini kwa dhati kwamba kama nyumba ya miti na udongo ina siku za mbele hapa pwani, siku hizo zimo kwenye shamba la mivinje. Mkoko tuuache baharini.

Vichwa vya chini vya nguzo mpya tulivibabua motoni hadi vikawa vyeusi kama mkaa, kina cha kucha. Mafundi wengi siku hizi huvipaka oili chafu ya magari. Tulikataa, kwa sababu kisima cha bibi kipo hatua 20 kutoka hapo. Mashimo yalikwenda chini karibu dhiraa moja na nusu, nguzo zikasimamishwa kwa timazi, zikashindiliwa mawe. Kuzunguka nyumba tukajenga msingi wa mawe ya matumbawe ya nchi kavu hadi usawa wa goti, ili mvua inaporuka kutoka ardhini iruke kwenye jiwe.

Kisha fito. Zinalazwa nje na ndani ya nguzo, shibiri kwa shibiri, na kufungwa kwa kamba ya usumba. Niliuliza kwa nini tusipige misumari, tungemaliza kwa siku mbili. Fundi hakunijibu. Alichukua fito, akapigilia msumari, fito ikapasuka kwa urefu. Akachukua nyingine, akaifunga, akanambia niisukume kwa bega. Ilicheza kidogo, ikarudi. Upepo wa kusi unapoikumba nyumba iliyofungwa, viungo vyake vyote hujongea kwa pamoja na kutulia. Baadaye, nikiwa mjini, nilimsimulia mhandisi rafiki yangu, akasema hicho ndicho wanachokilipia fedha nyingi kwenye nchi za matetemeko.

Nafasi iliyo kati ya fito za nje na za ndani hujazwa mawe madogo na udongo mzito. Huko ndiko kutomea. Ikishakauka, juu yake huja udongo laini unaotupwa na kusukumwa kwa kiganja. Huko ndiko kukandika. Kati ya hatua hizo mbili ipo subira ya wiki mbili au zaidi, na hapo ndipo nyumba nyingi huharibiwa kwa haraka. Ukikandika juu ya matomeo mabichi, ukuta wote utasinyaa kwa mwendo wa namna mbili na kupasukapasuka.

Siku ya kukandika ilikuwa ya msaragambo. Niliogopa hatatokea mtu, kwa kuwa miaka hii kila kazi ina bei. Walikuja watu 23. Wanawake walileta maji na kupika wali wa nazi na samaki. Vijana walivua viatu wakaingia kwenye shimo la udongo. Bibi aliketi kwenye kiti chini ya mwembe, akiwaelekeza wote.

"Mume wangu," akaniita, kama bibi wa pwani amwitavyo mjukuu wake wa kiume, "kanyaga kwa kisigino. Unaubembeleza huo."

Ndani ya udongo huo tulitia kitu ambacho fundi hakukizoea kwa kiasi hicho: majani makavu ya mpunga. Bonde la Ruvu lipo jirani, na baada ya mavuno majani mengi huchomwa shambani, moshi ukionekana hadi barabarani. Fundi mwenyewe hutumia nyasi kidogo, kwenye tabaka la mwisho tu. Mimi nilikuwa nimesoma kuhusu nyumba za Ulaya, nikamwomba tujaribu. Tulikandika vipande vitatu nyuma ya choo, kila kimoja upana wa jamvi dogo. Cha kwanza udongo mtupu, cha pili majani kiasi, cha tatu majani mengi yaliyokatwa urefu wa kidole. Baada ya siku kumi cha kwanza kilikuwa na nyufa kama kiwanja cha mbuga wakati wa kiangazi. Cha pili kilikuwa na nyufa nyembamba. Cha tatu kilikuwa kizima. Mzee alikitazama muda mrefu, akakipiga ngumi, kisha akaagiza magunia mengine sita ya majani.

Sababu yake inaeleweka kirahisi. Udongo wa mfinyanzi ukikauka hujikusanya, na nguvu hiyo hutafuta mahali pa kupasulia. Jani moja moja hushikilia pande zote mbili za ufa kabla haujafunguka, hivyo badala ya ufa mmoja wa kuingiza kidole unapata mamia yasiyoonekana kwa jicho. Majani ya mpunga yana madini ya silika kwa wingi kuliko ya nafaka nyingine nyingi, ndiyo maana yanakwaruza mkono na hayaozi upesi.

Anayetaka kujaribu kwake aanze na chupa ya maji yenye mdomo mpana. Jaza udongo theluthi, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha usiku kucha. Mchanga utatua chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu. Udongo wetu wa Kaole ulikuwa na mchanga mwingi mno, ikabidi tuchanganye na mwekundu wa Kiromo. Hakuna kipimo cha kunakili kutoka kwa jirani, kwa sababu hata shamba moja lina udongo wa namna mbili.

Huko Ulaya nilikokusoma, ustadi huu unaheshimiwa. Mji wa Quedlinburg nchini Ujerumani una nyumba zaidi ya elfu moja za fremu za mbao, nyingi zikiwa zimejazwa fito na udongo uliochanganywa na majani ya nafaka, baadhi zikiwa zimesimama tangu zama za kati. UNESCO iliuingiza mji huo katika Urithi wa Dunia mwaka 1994. Nilipoona picha za kiambaza chao kilichofunuliwa kwa ajili ya matengenezo nilishtuka: fito, shibiri kwa shibiri, na alama za viganja vya watu. Kule Nebraska, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, walowezi wasio na miti walipanga marobota ya majani makavu kama matofali na kuyapiga lipu, na aina hiyo ya nyumba leo inajengwa upya katika nchi nyingi. Wapo wanaoipigia debe hata kwetu. Mimi kwa Bagamoyo siishauri. Robota la majani likilowa katikati halikauki, na hewa yetu imejaa maji karibu mwaka mzima. Majani yafunikwe na udongo pande zote, kila jani peke yake. Hapo yatadumu.

Wajerumani walipofika pwani hii waliukuta ujuzi ambao babu zao walikuwa nao. Sidhani waliutambua. Mwaka 1897 walijenga Boma la Bagamoyo la mawe, lenye kingo za juu kama ngome, likitazama bahari. Mwaka huohuo serikali yao ilitangaza kodi ya nyumba, na vibanda vya miti na udongo vikaanza kuhesabiwa kimoja baada ya kingine ili wenye navyo walipe. Nadhani hapo ndipo nyumba hii ilipoanza kuandikwa vitabuni kwa jina la kibanda.

Kabla ya hapo iliandikwa kwa namna nyingine. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja nchini Moroko, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Aliitaja Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa kwa umahiri, na papo hapo akaeleza kwamba majengo yake ni ya mbao na mapaa yake ni ya majani, na kwamba mvua huko ni nyingi. Hakuona mgongano wowote kati ya uzuri na mbao. Jumba la mawe la Husuni Kubwa lilikuwapo Kilwa katika karne hiyohiyo, lakini lililobaki kichwani mwa mgeni yule lilikuwa mji wa miti. Na kisiwani Pate, kwenye magofu ya Shanga, mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe alikuta dalili za misikiti ya miti iliyoutangulia, mmoja juu ya mwingine, wa kale zaidi ukirudi hadi karne ya 8. Mawe yalikuja juu ya miti. Yalifuata mpango uleule, vipimo vilevile.

Jirani na nyumba ya bibi, watalii hushuka kila siku kuyaona mawe ya Kaole. Wakirudi mjini hupitishwa barabara ya India kuona milango ya kuchongwa, Ngome Kongwe, Misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868. Tangu 2006 Bagamoyo imo kwenye orodha ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, kama mwisho wa njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Ni haki yake. Lakini maelfu ya wapagazi waliofika na pembe mabegani hawakulala kwenye nyumba za mawe. Walilala kwenye viambaza na vibanda vya makuti, walikula huko, walizaa huko, na wengine walizikwa jirani na huko. Nyumba zao hazimo katika ziara yoyote ninayoijua, ingawa mpango wake ungali unaishi: baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba vitatu kwa vitatu vikitazamana, uani nyuma kwa jiko na kisima. Ndiyo nyumba ya Kiswahili iliyojaza Kariakoo na Magomeni. Tumebadilisha ngozi yake kuwa tofali, mpango tumeuacha.

Kuhusu ngozi hiyo, wazee wana jina la saruji linalonifikirisha: udongo ulaya. Kiwanda cha Wazo, pale pembeni ya barabara hii ya kwenda Bagamoyo, kilianza kuzalisha mwaka 1966, kwa hiyo udongo huo ni wa kwetu kwa karibu miaka 60 sasa, ila jina halijabadilika. Mwalimu Nyerere aliligusa jambo hili mwaka 1977, alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha. Alilalamika kwamba watu wanakataa tofali za kuchoma na vigae wakisubiri bati na saruji, ilhali saruji nayo ni udongo, tofauti ni kwamba tunauona wa Ulaya. Maneno yale yalikuwa makali, na naona yalimwangukia mwananchi zaidi ya alivyostahili. Mtu hujenga kwa kile kitakachomfanya aheshimiwe. Katika lugha ya ofisini nyumba ya tofali ni ya kudumu na ya udongo ni ya muda, na ukitaka mkopo kwa dhamana ya nyumba utaielewa tofauti hiyo haraka. Serikali imejitahidi kupitia taasisi yake ya utafiti wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi, inayoeneza matofali ya kufungamana ya udongo na saruji kidogo, na ni kazi njema. Kiambaza hakikupata mtetezi wa namna hiyo. Na dunia nzima sasa inatafuta namna ya kupunguza saruji, ambayo utengenezaji wake huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya kaboni dioksaidi inayotokana na shughuli za binadamu.

Sisemi saruji iondoke. Tuliitumia kwenye shimo la choo na sakafu ya bafu. Naomba tu isipakwe juu ya udongo.

Kinachopakwa juu ya udongo ni chokaa, na pwani hii inaifahamu kuliko karibu kila mahali barani. Jiwe la matumbawe likichomwa kwa moto wa karibu nyuzi 900 hutoa kaboni dioksaidi, kinabaki kitu cheupe chepesi. Ukikitia maji kinachemka chenyewe, na anayesogea karibu afunge macho yake, maana tone moja linaweza kumpofusha mtu. Uji huo ukishakaa shimoni wiki kadhaa, ukichanganywa na mchanga na kupakwa ukutani, huanza kuvuta tena hewa ileile uliyoitoa tanurini, siku hadi siku, mpaka unageuka jiwe upya. Msikiti wa Kaole umeshikiliwa na chokaa ya namna hiyo kwa karne nyingi. Inapitisha mvuke, na ufa wake mdogo hujiziba wenyewe kwa maji ya mvua. Zamani tanuri zilikula matumbawe hai na magogo ya mikoko, bahari ikaumia. Sisi tulinunua mifuko ya chokaa ya Tanga dukani, tukailoweka mwezi mzima kwenye mapipa.

Nyumba hii ina udhaifu wake, na nitakuwa simtendei haki msomaji nikiuficha. Makuti hushika moto kwa cheche moja, na kila baada ya miaka michache lazima yabadilishwe. Panya wanaupenda mtambaapanya. Mbu wa malaria huingia hasa kwa mwanya ulio kati ya ukuta na paa, uleule unaoleta upepo mzuri. Tuliuziba wote kwa wavu, kazi ya siku tatu iliyotuchosha kuliko kukandika. Jiko la bibi tulilitenga kabisa uani, chini ya yale mabati tuliyoyashusha. Nyumba hii pia inataka mkono wa mtu kila mwaka. Familia ambayo wote wapo mjini isiijenge.

Masika ya mwaka huu yalikuwa yake ya kwanza. Nilikwenda Kaole mwezi Juni, nikamkuta fundi amekwisha kutangulia, anauzunguka ukuta akigonga. Upande wa kusini, chini ya dirisha, mvua ilikuwa imekula sehemu ya upana wa viganja viwili, majani ya mpunga yakachungulia nje. Shikamoo yangu aliipokea bila kugeuka. Bibi alisema ametoka kulala, na alilala ndani.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na fungu la udongo tulilolibakisha tangu siku ya msaragambo, limefunikwa kwa makuti ya zamani ili lisioshwe. Fundi alinituma karai moja. Nikatia maji, nikakanyaga kwa kisigino.